Posho ya Shukrani

Kuna watu ambao wakiguswa moyoni hawatulii mpaka wawe wamechangisha. Nanzala, karani wa Idara ya Lugha katika chuo kikuu kimoja pale Eldoret, ni mmoja wao. Ukijaliwa mtoto, Nanzala ameshafungua orodha. Ukifiwa, orodha. Ukiteleza kwenye ngazi za ghorofa ya tatu ukavunjika kidole, kabla hujafika hospitalini jina lako limetundikwa kwenye kundi la WhatsApp la idara, na chini yake watu ishirini na sita, kila mmoja na alichotoa. Ni mama wa Bungoma aliyeishi Eldoret miaka ishirini na mitatu, na anaamini kwa dhati kwamba hakuna shida isiyochangiwa.

Basi mwezi wa tisa mwaka jana, aliposikia kwamba Madam Ayawavi anaweza kuondoka, alifanya lile analolijua.

Madam Ayawavi Dossou ni mwalimu wa Kifaransa. Kwao ni Lome, nchini Togo. Alikuja Eldoret miaka kumi iliyopita, akiletwa na mradi fulani wa nchi za nje uliomlipa vizuri kwa miaka miwili. Mradi ukaisha, wenzake wakafunga virago, yeye akaombwa abaki kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kufundisha. Akabaki. Akapanga nyumba ya vyumba viwili mtaa wa West Indies, akajifunza Kiswahili kwa mama anayemuuzia sukuma wiki, na ndiyo maana hadi leo anakizungumza kama mtu anayetaka kupunguziwa bei. Darasa lake likiwa la saa mbili, linaanza saa mbili, mvua inyeshe isinyeshe, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwona akitoka darasani kabla ya muda. Kila mwaka wako wanafunzi wanaozunguka ofisi hadi ofisi wakilia kwamba alama zao zimepotea. Za Kifaransa hazijawahi kupotea.

Nanzala alikuwa na sababu yake ya kumpenda. Binti yake, Linah, alipomaliza kidato cha nne alikaa nyumbani akingoja karo ambayo haikuwa ikija kutoka popote. Madam alimkuta siku moja akimsaidia mama yake kupanga mafaili, akamwambia, njoo kwangu Jumamosi. Jumamosi ile ikazaa nyingine, hadi ikatimia miaka mitatu ya masomo ya bure pale kibarazani West Indies, kwa chai na ndizi za kukaanga. Leo Linah yuko Abidjan, ameajiriwa na kampuni ya mbegu, na mshahara wake wa kwanza ulimnunulia mama yake ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe yuko kwenye kashamba kao ka Kapseret na jina lake ni Bonjour. Kila asubuhi Nanzala akimkamua humshukuru Mungu na humshukuru Madam, na siwezi kuapa kwamba huanza na Mungu siku zote.

Sasa, ilikuwa Jumatatu, saa nne, wakati wa chai. Madam alikuja kukaa ofisini kwa Nanzala kama kawaida yake, na Nanzala akaona viatu vyake vimelowa chepechepe.

"Madam, kwani leo hukupata boda?"

"Boda ziko. Pesa ndiyo haiko."

"Ile ya muhula uliopita bado haijaingia?"

"Bado." Madam akapuliza chai yake. "Nanzala, nikwambie kitu, lakini usitangaze. Kuna chuo cha Kigali kimeniandikia. Wananipa kazi ya kudumu, mshahara kila mwezi. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi na moja jioni."

Nanzala aliweka kikombe chini. "Na wewe unataka kwenda?"

"Mimi nataka kubaki. Hapa ndipo ninajua watu. Lakini nina miaka hamsini na mbili. Siwezi kuzeeka nikingoja."

Alipotoka, Nanzala alibaki ameduwaa. Mama yule aende? Nani atabaki naye ofisini saa nne? Nani atafundisha watoto wa wenzake kama alivyomfundisha wake? Alichoshika katika maneno yale ni kwamba Madam anataka kubaki, ila shida inamfukuza. Shida, kama tulivyoona, ina dawa yake. Nanzala alikuwa ameambiwa asitangaze, na hakutangaza. Aliwaambia watu ishirini na sita tu, tena kwa kunong'ona.

Lazima niseme ukweli, watu walitoa. Madereva walitoa, wahadhiri walitoa, mpishi wa kantini alitoa na si wa idara hata. Pesa zilikusanywa na Mzee Kituyi, tarishi wa idara, ambaye pia ni mweka hazina wa chama cha kusaidiana cha wafanyakazi, ndiye anayempa Nanzala majina ya kila orodha, na ni mtu asiyekubali kudaiwa hata kwa siku moja. Kufikia Jumatatu iliyofuata bahasha ilikuwa imenona. Jumanne saa nne wakakusanyika katika chumba cha mikutano. Palikuwa na keki na soda, na Madam akaletwa kwa kisingizio cha mkutano wa ratiba.

Mkuu wa idara, Daktari Dennis Kimutai, ndiye aliyetoa hotuba. Kimutai alikuwa katika kundi la kwanza kabisa la wanafunzi wa Madam. Kifaransa chote alicho nacho kilitoka kwake, akaenda nacho akasoma mbele, akarudi, akaajiriwa kwa kudumu, akapanda cheo. Ni kijana mpole, anayependa mambo yaende bila kelele.

"Madam," alisema, "wewe ni mama yetu. Sisi si watu wa kusahau. Hii ni asante tu, usione ni kidogo."

Makofi yakapigwa. Nanzala alikuwa ameshaanza kufuta machozi.

Madam akasimama. Aliitazama bahasha, akawatazama watu mmoja mmoja, mikono yake ikiwa imeshikana mbele ya tumbo. Hakuichukua.

"Asanteni," akasema. "Mimi nawapenda, na nyinyi mnajua. Najua kila mtu hapa ametoa mfukoni mwake, na wengine mna karo nyumbani. Nashukuru kutoka moyoni kabisa. Lakini sitachukua."

Mtu aliyekuwa akitafuna keki aliacha kutafuna.

"Mimi si mgonjwa. Sijafiwa. Nyumba yangu haijaungua. Mimi nimefundisha tu. Mtu akifundisha, si wenzake wanamchangia. Aliyemwandika ndiye anamlipa." Akashika ukingo wa meza. "Na kitu kingine, mnisamehe. Miaka kumi niko hapa na nyinyi. Mmezika wazazi, mmeoza watoto. Hakuna siku hata moja mmeniomba mchango. Orodha inapita, jina langu haliko. Nilikuwa najiuliza, kwani mimi ni nani hapa? Leo ndiyo nimeingia kwa orodha, na nimeingia kama shida."

Kisha akatazama saa yake, akaomba radhi kwamba ana darasa, akaenda kufundisha.

Nanzala alitamani ardhi ipasuke immeze na keki yake. Aibu ilipopoa kidogo ikageuka hasira, kama ilivyo kawaida ya aibu. Alirudi ofisini, akaipiga droo teke, akamfokea Mzee Kituyi aliyekuwa amekuja nyuma yake na bahasha mkononi kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa wenyewe.

"Umeona hiyo madharau, Mzee? Watu wanajinyima, halafu anaturudishia mbele ya keki! Hicho ni kiburi cha Wafaransa."

"Yeye si Mfaransa. Ni Mtogo."

"Ni wale wale!"

Mzee Kituyi akaketi taratibu. "Lakini Mama Linah, si amesema ukweli? Mimi simwekangi kwa orodha."

"Na kwa nini humweki?"

"Orodha yangu ni ya wale wanakatwa kwa payslip. Yeye hana payslip."

"Hana? Kwani analipwa na nini?"

Mzee akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe ndio unachapanga barua yake ya kazi? Unaniuliza mimi?"

Nanzala akawasha kompyuta.

Ni kweli, barua alikuwa akiichapa yeye. Kila Januari na kila Septemba alikuwa akiifungua kwenye kompyuta barua ya muhula uliopita, anabadilisha tarehe, anaichapa, inapelekwa kwa mkuu wa idara kutiwa sahihi na kwa msajili kugongwa muhuri. Kazi ya dakika mbili. Makarani wote wa dunia hii hufanya hivyo, na anayekana aje tuzungumze. Barua yenyewe aliirithi kwa karani aliyemtangulia, siku alipohamishiwa idara hii kutoka idara nyingine, ule mradi ukielekea kwisha. Kuisoma, hapana. Nani husoma barua ambayo tayari iko sawa?

Siku ile aliisoma. Ilikuwa na aya tatu fupi, na ya pili ndiyo iliyomkata maini:

"Kwa kuwa mshahara wako unalipwa na mradi, chuo kitakupa, kama ishara ya kukuthamini, posho ya shukrani kwa kila muhula, pindi fedha zitakapopatikana. Posho hii si mshahara, na hutahesabiwa miongoni mwa wafanyakazi wa chuo."

Akaisoma tena. Mradi ulikuwa umekufa miaka minane iliyopita. Ule mshahara wa nje ulikwisha siku ile ile, ikabaki hiyo asante ya pembeni, na kwa asante hiyo mama wa watu amelipa kodi ya nyumba miaka minane. Nanzala akalitoa faili kabatini akahesabu nakala: barua kumi na sita. Zote kazi ya vidole vyake mwenyewe. Yeye, anayemshukuru Madam kila asubuhi akiwa amechuchumaa chini ya ng'ombe, ndiye aliyekuwa akimwandikia kwamba yeye si mtu wa hapa.

Alilia pale pale, bila orodha.

Saa tisa alichukua boda hadi West Indies. Madam alikuwa kibarazani anasahihisha madaftari. Alipomwona Nanzala aliinuka akabandika chai jikoni, maana ndivyo alivyo, hata akiwa amekukasirikia atakupa chai kwanza.

"Madam, wacha chai. Kaa." Nanzala akamwekea barua mezani. "Hii barua. Mimi sijawahi kuisoma."

Madam hakuelewa. "Si unaichapa wewe?"

"Nachapa. Nabadilisha tarehe. Sijawahi kusoma hayo ya katikati."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Leo ndiyo ya kwanza."

Madam aliweka kalamu chini. Akaivuta barua ile karibu, akaisoma upya ile aya ya pili.

"Mimi nilidhani mnajua," Madam akasema. "Miaka yote nilidhani mliketi pamoja, mkajadili, mkasema, huyu ametoka mbali, huyu shukrani inamtosha. Nimeandika kuuliza mara tatu. Wakaniambia inashughulikiwa. Nikasema basi, ndivyo wameamua."

"Na ukiwa unadhani hivyo, bado ulikuwa unamfundisha Linah bure? Unampa ndizi?"

"Linah alikuwa na kosa gani?"

Nanzala alifunika uso kwa leso. Madam akamwacha alie, kisha akamletea kikombe, kwa sababu chai ilikuwa imeshachemka.

"Sasa utafanya nini?" akamuuliza. Hakuuliza kwa ukali. Lakini aliuliza, na akangoja jibu.

"Nitaandika memo. Niseme ni mimi."

"Watakuadhibu."

"Wacha waniadhibu."

Kusema hivyo kibarazani, na chai mkononi, ni rahisi. Jumatano asubuhi, mbele ya meza ya Daktari Kimutai, haikuwa rahisi tena. Amebakiza miaka mitano astaafu. Ameshaona watu wakipoteza kazi kwa kosa dogo kuliko hilo.

Kimutai aliisoma barua, akaisoma tena. Kumbe naye alikuwa akitia sahihi bila kusoma, mwaka mzima tangu apewe cheo.

"Mama Linah, kaa chini," akasema. "Hii kitu inaweza kutuletea shida kubwa. Wacha tufanye hivi. Chapa barua mpya, tarehe ya leo, ya mwalimu wa muda. Atalipwa kwa saa. Hiyo ya zamani tunaiacha tu hapo, hakuna mtu ataiuliza."

Nanzala alikuwa ametarajia hilo, na alikuwa amekesha nalo. Kanuni ya chuo anaijua: mwalimu wa muda akifundisha miaka mitatu mfululizo, ana haki ya kupewa mkataba kamili, mshahara na marupurupu yake kama wengine. Lakini miaka ya mtu aliyeandikwa kwamba ni wa mradi haihesabiwi. Barua mpya ingemwanzisha Madam kwenye sifuri, kama msichana aliyetoka chuo jana. Kigali isingengoja miaka mitatu.

"Hapana, Daktari. Ile miaka minane haiwezi kuhesabiwa mpaka mtu aseme barua ilikuwa na makosa. Na huyo mtu ni mimi. Kamati ya ajira inakaa kesho. Niombee dakika tano tu."

"Unajua watakuandikia nini?"

"Najua. Wewe ukimkumbuka Madam, unakumbuka nini?"

Kimutai aliegemea kiti. Alizungusha kalamu yake. "Mwaka wa pili nilikuwa nataka kuacha," akasema. "Karo ilikwisha. Alinipigia simu nyumbani, akaongea na mzee wangu. Mzee hajui Kifaransa, na yeye Kiswahili kilikuwa bado kinamshinda. Sijui walielewana aje. Lakini mzee aliuza ndama."

Basi akapiga simu kwa msajili.

Msajili ni Bwana Mbuthia, mtu mkavu, mwenye miwani anayoishusha puani akitaka kukukatalia. Alhamisi saa tano kamati ilikuwa imeketi, watu saba na chupa za maji, na Nanzala akaingizwa akiwa amekumbatia faili kifuani. Alikuwa ameandaa maneno mengi mazuri usiku. Yote yakamtoroka mlangoni.

"Mimi ni karani wa Idara ya Lugha," akasema. "Nimekosea mara kumi na sita."

Akawaeleza. Akazipanga barua mezani, na kando ya kila barua akaweka karatasi za alama za muhula ule, zenye sahihi ya Madam na tarehe ya kupokelewa. Hakuna hata moja iliyochelewa. Nakala hizo alikuwa amezitunza mwenyewe kabatini, kwa sababu hata kama hakusoma, kutunza anatunza.

Bwana Mbuthia akashusha miwani. "Hizi barua zote ulizichapa wewe?"

"Mimi."

"Ulizisoma?"

"Sikusoma, Bwana Msajili."

"Karani wa miaka ishirini na mitatu."

"Ndiyo. Sina la kujitetea. Nimekuja kumtetea yeye."

Msajili akaandika neno. Hapo kiti kikasogea, na Daktari Kimutai, yule asiyependa kelele, akasimama kwenye kona alipokuwa ameketi.

"Mbili kati ya hizo nilitia sahihi mimi," akasema. "Mimi pia sikusoma. Na mimi nilikuwa na sababu zaidi ya kusoma. Huyu mama ndiye alinifundisha."

Msajili alichukua barua ya juu, akaigeuza huku na huku kama anayetafuta mahali pa kuikatalia. Macho yake yakashuka hadi chini kabisa ya karatasi, yakakwama pale. Akachukua ya pili, akatazama chini. Akachukua ya tatu. Palikuwa na muhuri wa buluu wa ofisi yake, na herufi za jina lake kwa mkono wake mwenyewe.

Akavua miwani kabisa.

"Kumbe tulikuwa wengi," akasema.

Nisitie chumvi. Hawakulia, hawakukumbatiana, na walibishana saa nzima juu ya bajeti. Kuna mmoja aliyesema kwamba mgeni ni mgeni tu, siku moja atarudi kwao, mkataba wa nini? Bwana Mbuthia akamuuliza yeye mwenyewe ametoka wapi. Akajibu Kakamega. "Na wewe utarudi siku moja," akaambiwa, "na bado tunakulipa." Mwishowe wakakubali: mkataba kamili, ngazi ile ile ya mshahara wanayopewa wenzake wenye shahada kama yake, miaka minane ikihesabiwa. Malimbikizo ya mwaka mmoja yalipwe mwezi huo huo. Ya miaka saba iliyobaki yakapelekwa kwenye baraza la chuo, na hadi ninapoandika hapa baraza bado linayatafakari. Madam huwauliza kila mwezi kwa barua, na Nanzala ndiye anayeichapa, kwa hamu kubwa.

Ijumaa saa nane mchana Nanzala alipanda West Indies kwa miguu, maana boda ilimchelewesha na moyo ulikuwa mbio kuliko boda. Barua ilikuwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mkoba, mkoba kwapani. Madam alikuwa ameketi kibarazani na kompyuta yake magotini, barua ya kukubali kazi ya Kigali imeshaandikwa nusu.

Aliisoma barua ya chuo polepole. Alipofika kwenye neno mshahara aliweka kidole juu yake, akakaa hivyo.

"Imesomwa hii?" akauliza.

"Nimesoma mara tisa. Nimesoma hadi anwani."

Madam akacheka, kile kicheko chake cha sokoni, kisha kicheko kikamgeukia akalia, na Nanzala akalia naye, ikawa vurugu tu pale kibarazani hadi jirani akachungulia kuuliza nani amekufa. Saa kumi na nusu Madam aliwaandikia watu wa Kigali. Aliwashukuru sana. Aliwaambia ameajiriwa.

Zile pesa za mchango Mzee Kituyi alizirudisha kwa kila mwenyewe, na gharama ya kuzituma akaitoa mfukoni mwake, akilalamika mwezi mzima. Nanzala naye alipewa barua ya onyo. Kwa kuwa karani wa idara ni yeye, aliichapa mwenyewe, akarekebisha koma mbili, akaitia kwenye faili lake.

Mwezi wa kumi na moja, Mzee Kituyi akafiwa na dada yake huko Kimilili. Mtu hawezi kujichangishia, kwa hiyo kazi yote, majina na pesa, ikamwangukia Nanzala peke yake. Asubuhi na mapema alifungua orodha ya msiba uliopita, akabadilisha jina la marehemu, akabadilisha tarehe, kidole kikawa tayari kutuma.

Akasita. Akairudia kutoka juu, mstari kwa mstari, jina kwa jina, hadi la ishirini na sita. Kisha akaongeza mstari mmoja: 27. Madam Ayawavi. Mbele yake akaacha nafasi wazi ya kiasi, kama alivyowaachia wengine wote. Akatuma.

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Saa mbili na robo alisikia viatu vikija mbio kwenye ukumbi, na Madam akatokea mlangoni, vidole vimejaa chaki, simu mkononi. Darasa lake lilikuwa limeanza. Katika miaka kumi hakuwahi kuliacha.

"Madam! Kuna nini?"

Madam alimwonyesha simu. Orodha ilikuwa wazi, kwenye mstari wa ishirini na saba.

"Mmeniomba," akasema. "Nanzala, mmeniomba pesa."

"Ndiyo tumekuomba," Nanzala akajibu. "Na usichelewe kutuma. Gari ya mazishi tunalipia leo."

Madam akapangusa macho kwa mkono wenye chaki, akabaki na unga mweupe shavuni. Akatuma pale pale akiwa amesimama.

"Na hiyo gari," akauliza, "mimi nakaa wapi?"

"Mbele," Nanzala akasema. "Na mimi."